Paloma Chini ya Turubai

Jumatatu, 16 Septemba

Mke wangu Ofelia amenitupia shajara hii ya ushirika wa kahawa, ya mwaka juzi, akasema, "Andika humo, Arcesio, unipunguzie kelele." Haya, naandika.

Nimevunjika mguu. Nimeendesha gari la jipu kwenye milima hii ya Pijao tangu sijaota ndevu. Matope, ukungu, kona za kumtoa mtu roho, na sijawahi hata kukwaruza bampa. Nikaja kuvunjikia uani kwangu, gari limezimwa, nikilisugua turubai. Nilipanda kwenye bampa ya nyuma na kandambili zenye sabuni, zikateleza, huyo chini! Plasta imeanzia pajani mpaka vidoleni. Daktari kasema nisiguse klachi hadi Desemba, na baada ya hapo "tutaona." Hilo tutaona lake sikulipenda hata kidogo.

Na mavuno ndiyo haya yanaanza.

Jumanne, 17 Septemba

Don Baltasar, mwenye hoteli mpya kule kilimani, kaja kunipa pole na kopo la biskuti. Akanywa kahawa yetu, akatoka uani, akamzunguka Paloma mara mbili. Paloma ni jipu langu, la mwaka hamsini na nne, jekundu, mapaja yanayofunika tairi ni ya rangi ya maziwa. Akasema anamtaka. Atamweka getini kwa hoteli, amtoe injini, ndani apande maua ili wageni wapige picha.

Maua! Ndani ya Paloma!

Lakini sikumwambia hapana. Nilisema nitampa jibu mavuno yakiisha. Ofelia akanitolea macho akiwa ameshika birika. Sasa angetaka niseme nini? Mguu ndio huu. Mtoto wa kiume sina.

Alhamisi, 19 Septemba

Mtoto wa kike ninaye, naye kichwa kigumu kushinda changu. Luz Dary ametoka mjini Armenia alikokuwa anatengeneza simu, kaja na begi moja, hata hajakaa vizuri kanyoosha mkono.

"Baba, nipe ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa kanisa! Wa Paloma, baba. Mavuno yameanza, mashamba yanapiga simu, na wewe unajua sheria ya mstari wa majipu ya abiria pale uwanjani. Gari lisipofanya kazi mavuno yote, nafasi yake anapewa mwingine."

"Gia ya pili ya Paloma hakuna anayeijua ila mimi."

"Basi tutajuana."

"Utamvunja."

"Kama ulivyovunjika wewe, akiwa amesimama?"

Ofelia alicheka mpaka akalazimika kwenda jikoni. Nimempa ufunguo, lakini nimesema mbele ya mama yake: ni mavuno haya tu. Yakiisha, na mguu wangu ukikataa, Paloma anakwenda kwa don Baltasar, yaishe. Luz Dary akasema, "Yakiisha ndipo tutazungumza." Hajui kusema ndiyo, huyu binti.

Jumapili, 22 Septemba

Siku tatu nimekaa dirishani nikisikiliza gia zinavyolia kwenye mteremko wa kanisa, na kila zikilia mimi nalia nazo. Leo Luz Dary kaniwekea kishikwambi chake mapajani. "Cheza hili, baba, utuache tupumue."

Ni mchezo wa magari. Kuna nchi nzima humo ndani, ina milima, ina bahari, ina miji, na watu wa dunia yote wanaendesha kwa wakati mmoja, kila mmoja nyumbani kwake. Hakuna anayekulazimisha lolote. Unazunguka tu, ukibeba mzigo au ukifika mahali pagumu unapewa nyota, nyota zikitosha unafunguliwa gari jingine. Mimi nimeanza na kigari cha kijivu chenye sauti ya mbu.

Jambo moja limeniudhi tangu mwanzo. Huoni barabara kama dereva. Unaliona gari lako kwa nyuma, kama vile umesimama nje unalifuata. Nikasema, uendeshaji gani huu wa kutazama makalio ya gari langu mwenyewe?

"Utazoea," akasema Luz Dary.

Sijazoea. Nimeingia kwenye chemchemi ya uwanja, na watu wa Brazili wamenipigia makofi.

Jumatano, 25 Septemba

Nimefunguliwa gari la matunda. Hodari kupanda. Mvua jioni.

Jumatatu, 30 Septemba

Ofelia anasema nimenyamaza kiasi kwamba alikuja kunitazama kama nipo hai.

Nimegundua gereji. Magari yote ambayo hujafunguliwa yamepangwa humo, kila moja limefunikwa turubai na kufuli mbele yake. Unaweza kuyazunguka, huwezi kuyafunua. Mengi ni ya mbio, yamelala chini kama mijusi, hayanihusu. Lakini la mwisho kabisa, kwenye kona, nilipolizunguka moyo ulinipiga paa! Mapaja yale yaliyobapa, zile taa mbili zilizokaribiana kama macho ya mtu mwenye hasira. Mimi nimemfunika na kumfunua Paloma asubuhi na jioni miaka yote hii. Sihitaji kuvua turubai nijue kilichomo.

Ni jipu la zamani, ndugu yake Paloma. Kufuli lake halifunguliwi kwa nyota. Lina kazi yake: uhamishe nyumba ya watu, kitanda na kila kitu, uwapandishe mlima mrefu kuliko yote wakati wa mvua, kisianguke hata kijiko, na uwe na mwenzio wa kukusindikiza. Na ni kabla msimu wa mchezo haujafungwa Desemba. Wao pia wana msimu, kumbe.

Nimemwambia Ofelia, nikilipata hilo, sitakuwa na haja ya Paloma wa uani. Nitaendesha humu humu, bila klachi.

"Yaani uuze gari, ubaki na picha?"

Alikuwa anatengeneza arepa, mikate yetu ya mahindi, na mimi nilikuwa na njaa, nikajivuta hadi mezani.

Jumamosi, 5 Oktoba

Wameniita Don Honi.

Nilikuwa nashuka mlimani na gari la matunda, na kama kawaida kila kona napiga honi kabla ya kuingia. Atakayekuja mbele atajuaje? Vijana waliokuwa nyuma yangu wakaanza: Babu, harusi ni ya nani? Babu, umekalia honi? Nikawaacha. Mara nikaona lori linapanda, limejaa mbao, njia nyembamba. Nikasimama, nikarudi rivasi hadi penye upana, nikalipisha. Kwetu anayeshuka humpisha anayepanda, maana aliyebeba mzigo akisimama mlimani haondoki tena. Wale wa nyuma yangu ikabidi nao warudi rivasi mmoja mmoja, wakigongana na kutukana kwa lugha nisizozijua. Nilifurahi sana.

Lori likasimama pembeni yangu, sauti nzito ya mwanamume ikatoka: "We mzee, nani anarudi rivasi kwenye mchezo?"

"Dereva," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Jina lake mchezoni ni Chancho, ni mwoka mikate wa Valdivia, Chile, anacheza akishatoa mikate ya mchana. Anasema kwao pia mvua hainyamazi. Tumezunguka pamoja mpaka Ofelia akaninyang'anya kishikwambi tule.

Jumapili, 13 Oktoba

Luz Dary karudi na Paloma ana tope hadi kwenye macho. Nimetoka na magongo yangu kumkagua. Gia nzima. Breki nzima. Hapo ndipo nikaona jinsi alivyopakia magunia ya mwisho: mazito yote mbele, yamesukumwa hadi mgongoni kwa kiti cha dereva, na nyuma vitu vyepesi.

"Nani kakufundisha huu upuuzi? Mzigo wa Pijao unakaa nyuma! Baba yangu alipakia nyuma, mimi nimepakia nyuma."

"Mlipakia nyuma ili magurudumu ya mbele yainuke mkipita uwanjani, wasichana wawaone."

"Na mama yako alitokea wapi?"

"Baba, Paloma akiwa mzito nyuma, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Mimi nataka ning'ang'anie njia."

Mtu kaendesha wiki tatu, ananisomesha mimi! Nimeingia ndani bila kumaliza kumkagua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Simsemeshi.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Yeye hajui kwamba simsemeshi, kwa sababu anaondoka alfajiri na akirudi analala.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefunguliwa teksi, basi la shule, na pikipiki yenye tela. Naendelea vizuri. Nimeanza hata kuizoea ile kamera ya nyuma. Unaona tairi linavyozama, unaona mzigo unavyoyumba kabla haujaanguka. Ndani ya gari huyaoni haya, unayasikia mgongoni tu. Chancho amesema mimi ndiye dereva wa kwanza anayemwona akisimama mchezoni kuwapa watu lifti. Sasa naona hata Wabrazili wanapiga honi kwenye kona zangu. Mmoja kaniambia, "Heshima yako, Don Honi." Nilipomsimulia Ofelia nilipenga kamasi, nikasingizia mafua.

Jumatatu, 28 Oktoba

Jaribio la kwanza la lile jipu. Wanakuazima kwa muda wa kazi hiyo tu, likiwa bado na turubai. Nikapakia inavyotakiwa: kitanda, kabati na jiko la chuma nyuma kabisa. Magurudumu ya mbele yakainuka kidogo, maridadi, kama kwenye gwaride letu la majipu la Desemba. Chancho akapiga makofi. Kwenye kona ya pili nikapinduka chali. Kitanda kilikwenda hadi baharini.

Jumapili, 3 Novemba

Nimepinduka tena. Chancho anasema, "Don Honi, ungeweka hicho kitanda mbele."

"Mtu wa Pijao haweki kitanda mbele."

"Basi mtu wa Pijao atalala baharini."

Tumekorofishana kidogo, tukasameheana kabla hajaenda kuoka.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua haikatiki. Mtandao unakwenda na kurudi. Don Baltasar kapita na mtu wa bustani, wakapima upana wa Paloma kwa hatua. Yule mtu wa bustani akaniuliza napendelea rangi gani ya maua. Luz Dary alikuwa anabadilisha tairi. Nati ile ya mwisho aliikaza kwa nguvu ambazo nati haikuhitaji.

Alhamisi, 14 Novemba

Naandika hili usiku wa manane.

Asubuhi Luz Dary aliondoka kwenda shamba la bondeni, ng'ambo ya kilima, kuchukua wachumaji na magunia ya juma hili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilimwambia asiende, akasema, "Watu wako kule wananyeshewa, baba." Nilimwelewa, na mimi ningekwenda.

Saa sita angekuwa amerudi. Saa saba nikasema barabara ni mbaya, anakwenda polepole. Saa nane simu yake haipatikani. Nikajaribu kucheza ili nisifikiri, mtandao nao umekufa, kiduara kinazunguka tu kwenye kioo. Nikakitupa kishikwambi kitandani. Nikajivuta hadi mlangoni, nikakaa kwenye kiti nikitazama njia, na njia yenyewe haionekani kwa ukungu. Kijana wa duka la mbolea akapita mbio akisema kilima kimeporomoka kwenye Kona ya Msalaba. Barabara yote imekwenda mtoni.

Kona ya Msalaba iko katikati ya lile shamba na nyumbani.

Ofelia alimwashia mshumaa Bikira wa Karmeli, yule wetu madereva, akapiga magoti, mimi nikashindwa hata kupiga magoti kwa sababu ya plasta. Nilikaa pale. Nilisikia kila neno nililomwambia yule mtoto tangu Septemba. Utamvunja. Upuuzi. Nani kakufundisha. Sikukumbuka kumwambia hata neno moja zuri, na nilitafuta, Mungu ananiona, nilitafuta. Nikasema, Bikira, mchukue Paloma. Mchukue na yule wa mchezoni. Nirudishie Luz Dary.

Giza likaanza kuingia. Ofelia alikuwa wa kwanza kusikia. "Arcesio, nyamaza." Honi. Mbali, upande wa mto, upande ambao hakuna mtu anapita, maana ni njia ya kuzunguka nusu ya wilaya. Honi tena, karibu zaidi. Kila kona, honi moja ndefu. Hakuna anayeendesha hivyo tena ila watu wa nyumba hii. Nikaanza kulia kama mtoto na sikujificha.

Alishuka akiwa wa udongo mtupu, kwenye nywele, kwenye meno. Nyuma, wachumaji wamejibana kama vifaranga. Doña Edilma, mama mmoja mnene anayechuma kahawa kila msimu, ndiye aliyetusimulia, maana Luz Dary alikuwa anakunywa uji tu.

"Tulikuwa tunapanda, don Arcesio, tunakaribia Msalaba. Huyu binti akasimama ghafla. Tukamwambia twende, tumelowa! Akasema, udongo unanuka mbichi, kuna kitu kimepasuka huko mbele. Mimi nikamtukana, nisamehe. Akatushusha wote kwenye mvua, akatuambia turudi kwa miguu. Yeye akaja kinyumenyume, rivasi, ule mlima wote! Mimi natembea nyuma na tochi nampigia kelele, njoo, njoo, kulia kidogo. Tumefika geti la shamba, tukasikia ngurumo. Kona yote. Yesu na Maria! Kona yote ilikwenda."

Nikatoka na magongo kwenda kumtazama Paloma. Si kwamba nilimjali gari, nilitaka kuona. Magunia mazito yalikuwa mbele, mgongoni kwa kiti. Kule kurudi kinyumenyume mteremkoni, pua imeinuka juu, angekuwa amepakia kama mimi magurudumu ya mbele yasingeshika chochote. Angevuta usukani hivi, na Paloma angekwenda vile.

Nikarudi ndani. Nikamuuliza, "Rivasi hiyo nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha kitu."

"Nilikuwa napanda nyuma, kwenye bampa, tangu niko darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia kelele, njoo, njoo. Nimeona kila ulichofanya, baba. Wewe hukuniona kwa sababu ulikuwa unatazama mbele."

Ofelia akamwongezea uji. Nikamshika kichwa kile chenye udongo.

Ijumaa, 15 Novemba

Wamelala hadi mchana. Nimemwosha Paloma tairi za upande mmoja, nimekaa kwenye kiti.

Ijumaa, 22 Novemba

Plasta imetoka. Mguu umekuwa mwembamba kama wa kuku, Ofelia ameufanyia dhihaka zote alizokuwa nazo. Daktari alinikalisha, akaniwekea kiganja chake chini ya unyayo, akasema, "Kanyaga, kama klachi." Nikakanyaga. "Kanyaga, don Arcesio." Nilikuwa nakanyaga.

Goti, anasema, halitapinda zaidi ya hapa. Nitatembea vizuri, nitapanda ngazi, nitacheza muziki na mke wangu. Paloma, hapana. Basi, ndiyo tumeona.

Nililia njiani. Nilipofika nyumbani nilikula sahani mbili za maharage.

Jumapili, 24 Novemba

Nimemsimulia Chancho habari ya goti. Nikasikia tanuri lake likilia kule Chile. Akasema, "Pole, kaka. Twende tukazunguke." Tukazunguka, tukawapisha waliokuwa wanapanda.

Jumatano, 4 Desemba

Msimu wa mchezo unafungwa kesho. Leo anga limetakata, mtandao uko safi. Luz Dary kajinyima usingizi wake wa mchana akaja kukaa kando yangu. Chancho yuko mbele na lori lake, ananimulikia.

"Haya, baba, pakia."

Nikabaki nakitazama kile kitanda cha chuma. Kisha nikakiweka mbele. Jiko mbele. Kabati mbele. Nyuma nikaweka mikeka, kuku na taa. Jipu lilikaa chini, zito, halina maringo yoyote.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia Luz Dary.

"Sijasema kitu."

"Unacheka moyoni."

"Moyoni ni kwangu, baba."

Tukapanda. Kona ya kwanza, honi. Ya pili, ile iliyonipeleka baharini, tairi la nyuma likazama, nikauona mzigo unaegemea, nikapunguza mafuta kidogo, ukarudi. Luz Dary amenishika bega. Ofelia amesimama nyuma yetu na mwiko, anauliza, "Mmefika? Mmefika?" Walikuwepo wengine wanashuka, wale Wabrazili wenye magari yaliyolala. Wakaona tunapanda na mzigo. Wakasimama, wote, wakarudi rivasi hadi penye upana, wakatupisha huku wakipiga honi. Ningeweza kuwabusu.

Tulifika kileleni, na kijiko hakikuanguka.

Gereji ikafunguka yenyewe. Kufuli likadondoka, turubai likateleza polepole, na jipu likatokea, jekundu, mapaja meupe. Chancho alikuwa anapiga mayowe. Akashuka kwenye lori lake, akaja akapanda nyuma, kwenye bampa, akashika chuma. "Endesha, Don Honi!" Nikaendesha, tukashuka ule upande wa pili wenye bahari, na yule mtu mzima anapiga vigelegele.

"Huku nyuma raha! Mbona hukuniambia?"

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kupanda nyuma."

Nilifurahi mno. Lakini nilipolizima jipu la mchezoni, nikasikia Luz Dary yuko uani, anampapasa Paloma na kitambaa kikavu, anamwimbia kitu. Yule wa kwenye kioo alikuwa amesimama mahali nilipomwacha. Hakunuka petroli wala kahawa mbichi, na hakuna mtu angenipigia simu kesho kwamba anamsubiri.

Alhamisi, 5 Desemba

Don Baltasar kaja na jibu lake mwenyewe mfukoni, kashaleta na kamba ya kuvutia gari.

"Mavuno yamekwisha, don Arcesio."

"Yamekwisha kweli. Lakini mimi siwezi kuuza gari la mtu."

"La nani tena?"

"Muulize dereva wake."

Luz Dary alikuwa chini ya Paloma, miguu tu ndiyo inaonekana. Sauti ikatoka huko chini: "Don Baltasar, shikamoo. Hayo maua panda kwenye beseni!"

Hakukasirika, ni mtu mwema. Kanywa kahawa, kaondoka na kamba yake. Luz Dary hakutoka chini ya gari kwa muda mrefu. Ofelia alikwenda akachungulia, akarudi akaniambia niache kuuliza maswali.

Jumamosi, 7 Desemba

Mishumaa ya Bikira barabara nzima, kila kizingiti. Buñuelo, maandazi yetu ya jibini, saba nimekula. Kesho gwaride la majipu.

Jumapili, 8 Desemba

Tangu alfajiri tunapakia nyumba yetu yote juu ya Paloma, maana ndilo gwaride lenyewe, jipu linapita mbele ya mji limebeba nyumba nzima. Kitanda chetu, meza, sufuria za Ofelia, kuku watatu wenye kiburi, mikungu ya ndizi, gitaa lisilo na nyuzi, Bikira wa Karmeli mbele kabisa kwenye boneti. Vizito mbele. Mzee mmoja wa mstari wetu kapita, kaangalia, kasema, "Arcesio, binti yako anapakia kinyume." Nikamwambia, "Ndivyo tunavyopakia sisi akina Marulanda."

Ofelia akapanda mbele na shali yake ya kanisani. Nikafungua mdomo kuwatakia safari njema, maana nilishapanga kusimama njiani na fimbo yangu kama watu wengine. Luz Dary akatoa kichwa dirishani.

"Baba, nani ataniongoza nyuma? Na huu mzigo wote mimi sioni kitu."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye bampa. Wapi kwingine?"

Bampa ile ile! Niliitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma. Akasema, "Leo haina sabuni." Watu walikuwa wanacheka. Nikaweka mguu mzima kwanza, nikavuta ule mwembamba, nikashika chuma kwa mikono miwili. Paloma akatetemeka chini yangu, na ule mtetemo niliujua, ila daima ulinifikia kupitia mikono na makalio, haukuwahi kunifikia kupitia nyayo.

Tukaondoka. Nilidhani ningeogopa, kumbe mandhari nilishayazoea. Msimu mzima mchezoni nimelitazama gari kutoka hapa hapa. Niliona tairi linavyozama, nikaona ndizi zinaegemea, nikapiga kelele, "Njoo, njoo! Kushoto kidogo, mama, njoo!" na Paloma akaenda kushoto. Kwenye mteremko wa kanisa gia ya pili haikulia. Watu walirusha maua, kuku wakasimama juu ya meza wakayapokea, na mtu wa hoteli alikuwa mmoja wa waliorusha.

Uwanjani, kati ya godoro na mkungu wa ndizi kulikuwa na nafasi ndogo, nikachungulia. Nilimwona binti yangu kwa nyuma, shingo na nywele zilizofungwa kwa kitambaa chekundu, ametulia, anatazama mbele. Nilimwita kwa jina na hakugeuka, kelele zilikuwa nyingi, na alikuwa na kazi. Nikabaki pale nimeng'ang'ania chuma, namtazama kisogo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniona mimi.